Aliyemfungulia Mlango Yasmin

Kila aliyesoma fasihi ya Kiswahili sekondari analijua swali hili: eleza sifa nne za mhusika fulani, kisha onyesha umuhimu wake katika riwaya. Tumelijibu darasani, tumelijibu kwenye mitihani ya majaribio, tumelijibu dakika kumi kabla ya karatasi kukusanywa. Majibu yake bado yapo vichwani. Mwajuma ni mkarimu. Mwajuma ni rafiki wa kweli. Umuhimu wake: anamsaidia Yasmin. Alama zako hizo, twende swali la tatu.

Nina ugomvi na neno hilo "umuhimu". Mhusika mkuu naye huulizwa umuhimu wake, lakini kwake jibu huwa ni kitabu kizima: mapenzi, ukombozi, nafasi ya mwanamke katika jamii. Kwa mhusika mdogo jibu huwa ni kazi aliyomfanyia mtu mwingine. Alimpa hifadhi. Alimpelekea barua. Alimtolea siri. Baada ya miaka sita ya kuulizwa hivyo, kijana akiketi kuandika riwaya yake anajua jambo moja kwa hakika: watu wadogo wapo kwa ajili ya watu wakubwa.

Nasoma shahada ya uzamili katika fasihi ya Kiswahili, na kila Ijumaa wachache wetu hukutana kusomeana miswada. Mhusika mkuu huwa ameandikwa vizuri. Ana utoto, ana jeraha, ana ndoto za usiku. Wanaomzunguka ndio wanaonisumbua. Kuna mama mkwe anayefika pale tu ndoa inapohitaji kutikiswa. Kuna rafiki ambaye kazi yake ni kuuliza, "Sasa utafanyaje?" ili mhusika mkuu apate kutueleza atafanyaje. Kuna dada wa kazi anayeleta chai, anaweka sinia, anatoka. Hao wote wana umuhimu, na karibu wote hawana maisha.

Darasani tumepewa majina ya kuwaita: mhusika bapa na mhusika duara, na wengine huongeza mhusika shinda, aliye katikati. Mgawanyo wa bapa na duara ulianzia kwa E. M. Forster wa Uingereza, katika mihadhara iliyochapishwa mwaka 1927 kwa jina la Aspects of the Novel. Tunausahau upande mmoja wa hoja yake. Kipimo cha Forster kilikuwa mshangao: je, mtu huyu anaweza kutushangaza, na bado tukamwamini? Sisi tumekigeuza kipimo hicho kuwa mabadiliko. Tunauliza kama mhusika anabadilika kutoka sura ya kwanza mpaka ya mwisho. Akibadilika, duara. Asipobadilika, bapa.

Kwa kipimo hicho, Mwajuma wa Vuta N'kuvute angeanguka mtihani. Riwaya hiyo ya Adam Shafi, iliyotoka mwaka 1999, ni ya Yasmin, msichana wa Kihindi wa Zanzibar aliyeozwa akiwa na miaka kumi na tano kwa Bwana Raza mwenye miaka hamsini na miwili. Yasmin anamkimbia mume wake, jamaa zake mwenyewe wanamkataa, na anayempokea ni Mwajuma, Mswahili maskini wa Ng'ambo. Hapo katikati anaingia Denge, mpigania uhuru anayesakwa na serikali ya kikoloni, na riwaya inapanuka kuwa habari ya nchi. Mwajuma anabaki Mwajuma. Wa mwanzo na wa mwisho hawapishani sana. Hata hivyo ukimwuliza msomaji wa riwaya hiyo ni nani angependa kukaa naye barazani jioni moja, sidhani kama watakuwa wengi watakaomtaja Denge.

Kinachompa Mwajuma uhai ni mpangilio ambao ni rahisi kuupita bila kuuona. Yasmin anapofika kwake, yeye ndiye mgeni. Nyumba ni ya Mwajuma, mtaa ni wa Mwajuma, mashoga ni wa Mwajuma, taarabu na starehe za usiku ni za Mwajuma. Yalikuwapo kabla Yasmin hajabisha hodi. Na Ng'ambo si jina la mapambo. Ulikuwa upande wa pili wa mkono wa bahari ulioutenga Mji Mkongwe, mkono ambao baadaye ulifukiwa. Huko ndiko walikoishi Waafrika na watu wa kipato kidogo. Msichana wa Kihindi wa wakati wa ukoloni anayevuka kwenda kuishi huko anaingia katika maisha yenye taratibu zake, na anayelazimika kujifunza ni yeye. Mhusika mkuu amekaribishwa ndani ya riwaya ya mhusika mdogo.

Basi hilo ni jambo la kwanza ningependa tuliibe kutoka kwa Adam Shafi. Katika miswada mingi, wahusika wadogo humfuata mhusika mkuu nyumbani kwake, ofisini kwake, hospitalini alikolazwa. Kila mahali wao ni wageni, na mgeni hana la kufanya zaidi ya kukaa na kusikiliza. Mpeleke mhusika mkuu kwao. Mkalishe kwenye kigoda chao, ale wanachokula, alale wanapozima taa wao. Huhitaji kurasa tano za historia ya mwenye nyumba. Mahali penyewe patasema.

Nilimsimulia mama yangu kisa cha Yasmin na Mwajuma, kwa kirefu, kwa sababu anapenda kusimuliwa vitabu. Alisikiliza mpaka pale Yasmin anapopokelewa, akaniuliza: "Na kodi alikuwa analipa nani? Mkaa alikuwa ananunua nani, sasa wako wawili?"

Mama yangu alikuwa dada wa kazi kwa miaka saba kabla ya kuolewa. Aliuliza kama mtu aliyewahi kuishi upande ule wa mlango, anayejua kwamba ukarimu una bei na kuna mtu anaitoa mfukoni. Swali la mtihani linasema Mwajuma ni mkarimu. Swali la mama linauliza ukarimu huo ulimgharimu nini. La pili ndilo linaloweza kumfanya mtu aandike sura nzima.

Tangu hapo nikisoma riwaya yoyote namtafuta mama kwenye ukurasa ule wa chai. Mara nyingi namkuta. Anaitwa "mfanyakazi", au ana jina moja bila la baba, na anatoka mlango ukifungwa nyuma yake. Lakini mama amenisimulia nyumba ile aliyofanyia kazi. Alijua kwamba baba mwenye nyumba amepoteza kazi wiki mbili kabla mke wake hajajua. Alijua kwa viatu. Mtu aliyekuwa akirudi na viatu safi, kwa sababu alishushwa na gari la ofisi getini, alianza kurudi na viatu vyenye vumbi mpaka kwenye kisigino, na ni yeye mama aliyekuwa akivipangusa. Kisha mwenye duka akaanza kukataa kuandika kwenye daftari. Mama hakumwambia mtu. Angeambiwa anachunguza mambo ya wakubwa, na wa kwanza kupunguzwa pesa ikikosekana angekuwa yeye. Kwa wiki mbili alipeleka chai mezani akijua anachokijua, akihesabu akiba yake kwenye kopo.

Fikiria riwaya ya nyumba ile ikiandikwa kwa kawaida yetu. Mume anaficha siri, mke anaanza kushuku, wanagombana, na katikati ya ugomvi anaingia msichana na sinia. Angekuwa na umuhimu: kukatiza mazungumzo. Ilhali yeye ndiye mtu pekee ndani ya nyumba aliyekuwa na habari yote, na mwenye sababu nzito kuliko wote ya kuogopa.

Abdulrazak Gurnah analijua jambo hili vizuri. Katika Paradise ya mwaka 1994, ambayo tunaweza kuisoma kwa Kiswahili kama Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis, mvulana Yusuf anachukuliwa kutoka kwa wazazi wake na tajiri anayemwita Ami Aziz. Anapelekwa kukaa dukani na kijana aliyemtangulia, Khalil. Khalil ndiye anayemfungua macho: huyu si ami yako, baba yako ana deni, na wewe ndiye rehani. Ukiwa mwanafunzi mwenye haraka utaandika: umuhimu wa Khalil ni kumfahamisha Yusuf hali yake. Ni kweli, na hapo utakuwa umemkosa Khalil wote.

Yusuf anaondoka na msafara wa Aziz kwenda bara, safari ndefu ya mateso inayochukua sehemu kubwa ya kitabu. Sisi tunaondoka naye. Khalil anabaki dukani. Hatumwoni, na kwa muda tunamsahau, kama tunavyotakiwa. Baadaye ndipo tunapokuja kuelewa kwamba ndani ya nyumba ile ile, nyuma ya ukuta wa bustani, yupo Amina, aliyelelewa na Khalil kama dada yake, naye alitolewa kwa Aziz kwa deni la baba wa Khalil na sasa ameolewa naye. Siku zote zile Khalil akifanya mzaha na wateja, akipima sukari, akimcheka Yusuf kwa ushamba wake, alikuwa amekaa hatua chache kutoka kwenye jeraha lake. Hakuwa ameduwaa akimsubiri Yusuf arudi. Alikuwa na riwaya yake mwenyewe, na sisi hatukualikwa.

Tukimsoma mara ya pili, maneno yake ya mwanzo yanabadilika uzito. Gurnah hajamwongezea Khalil kurasa. Amempa kitu anachokijua na sababu ya kutokisema. Hilo linagharimu kidogo sana katika uandishi, na linampa msomaji hisia kwamba nje ya ukurasa kuna watu wanaoendelea kuishi.

Kuna anayeweza kuniuliza: kwani lazima kila mtu awe na siri na jeraha? Si lazima. Riwaya ambayo kila apitaye ana historia yake haiendi popote. Ni kama daladala inayosimama kila nyumba. Mhakiki Alex Woloch, katika kitabu chake The One vs. the Many cha mwaka 2003, anaonyesha kwamba nafasi ndani ya riwaya ina kikomo, na kumpa mmoja ni kumnyima mwingine. Mwandishi anagawa, na mgawanyo wowote una walioachwa.

Na ipo riwaya ya Kiswahili inayothibitisha kwamba ubapa nao unaweza kuwa na nguvu. Katika Kusadikika ya Shaaban Robert, ya mwaka 1951, Karama anashtakiwa na Waziri Majivuno, na kujitetea kwake ni kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande zote, kaskazini na kusini, mashariki na magharibi, mbinguni na ardhini. Kila mmoja alirudi na mambo ya kuifaa nchi. Kila mmoja alitupwa gerezani. Hatujui mjumbe gani alipenda kula nini, wala nani aliacha mchumba. Majina yao ni ya kimajazi, kama Buruhani, Fadhili na Amini, na jina linatosha. Tungepewa utoto wa kila mmoja, kesi ya Karama ingevunjika, maana uzito wake uko kwenye hesabu: wa kwanza, wa pili, wa tatu, mpaka wa sita, na hukumu ni ile ile. Ubapa wao ndio ushahidi wa Karama. Serikali ile haikuona tofauti kati ya mtu na mtu, na masimulizi yanatufanya tuhisi hivyo.

Shida inakuja pale majazi yanapotumika katika riwaya isiyo ya namna ile. Mtu akiitwa Matata tangu anapoingia, kama yule koplo anayemtumikia Inspekta Wright katika Vuta N'kuvute, msomaji ameshapewa hukumu kabla ya ushahidi. Ken Walibora alikuwa mjanja zaidi katika Kidagaa Kimemwozea, pale jina Nasaba Bora linapomsuta mtemi mwenyewe kila linapotajwa. Lakini hata humo yupo Matuko Weye, askari wa zamani wa Vita vya Pili vya Dunia anayeonekana mwendawazimu, na kinywani mwake zinatoka kweli ambazo wenye akili timamu hawazisemi. Namsoma nikitamani kuona zaidi. Mtu aliyepelekwa na Waingereza kupigana vita visivyo vyake, akarudi akiwa hivyo alivyo, amebeba historia inayozidi ugomvi wote wa Sokomoko. Riwaya inaigusa historia hiyo, kisha inarudi kwa Amani. Mwendawazimu msema kweli ni mhusika tunayempenda mno katika fasihi yetu, na nadhani ni kwa sababu anaturahisishia: anasema tunachotaka kisemwe, na hatuna haja ya kumuuliza hali yake.

Ugumu mwingine ni ule wa riwaya inayosimuliwa kwa nafsi ya kwanza. Katika Kichwamaji ya Euphrase Kezilahabi, ya mwaka 1974, msimulizi ni Kazimoto, kijana msomi anayefikiri sana. Dada yake, Rukia, anapewa mimba na Manase, rafiki wa utotoni wa Kazimoto ambaye sasa ana cheo, na Rukia anakufa. Kazimoto anapanga kulipiza kisasi kupitia kwa Sabina, dada yake Manase. Tazama kilichotokea. Aliyeumizwa ni Rukia. Lakini katika kichwa cha Kazimoto jambo limekuwa hesabu baina ya wanaume wawili, na dada mwingine ndiye fedha ya kulipia. Rukia mwenyewe aliwaza nini, hatuambiwi vya kutosha.

Je, hilo ni kosa la Kezilahabi? Siku hizi ni rahisi kusema ndiyo na kufunga kitabu. Mimi naona tofauti. Kazimoto ni msomi anayejadili kuwapo na kutokuwapo kwa Mungu, na hajui kukaa na dada yake dakika kumi akamsikiliza. Ukimya wa Rukia unamshtaki yeye. Kama Rukia angepewa sura yake, tungemhurumia zaidi, lakini tusingeona jinsi usomi wa kaka yake ulivyomwacha peke yake. Ukimya wa mhusika mdogo unakubalika pale unapomuuma msomaji. Ukipita bila mtu kuuona, hapo ndipo mwandishi anadaiwa.

Deni la namna hiyo huweza kudumu miaka mingi. Katika L'Étranger ya Albert Camus, ya mwaka 1942, Meursault anamuua Mwarabu ufukweni, na kitabu kinaisha bila kumpa marehemu jina. Ilibidi wapite zaidi ya miaka sabini ndipo Kamel Daoud, Mwalgeria, aandike Meursault, contre-enquête, mwaka 2013, riwaya inayosimuliwa na mdogo wa marehemu. Jambo la kwanza analolifanya ni kumpa kaka yake jina: Musa. Kabla yake Jean Rhys alifanya vivyo hivyo mwaka 1966 katika Wide Sargasso Sea, akimrudishia maisha yule mke aliyefungiwa darini katika Jane Eyre. Watu wadogo wakiachwa bila hesabu, atakuja mtu kudai.

Kwa hiyo kwenye kikundi chetu cha Ijumaa nimeacha kuuliza umuhimu wa mhusika. Nauliza: kabla mhusika mkuu hajaingia, huyu alikuwa anafanya nini, na ameacha nini ili amhudumie? Mwenzetu mmoja ana sura ambayo binti anapanda bodaboda usiku kumuwahi baba yake hospitalini. Dereva hakuwa na neno hata moja. Tulijadiliana, na suluhisho halikuwa kumwandikia dereva kijiji alikotoka. Tulisema tu kwamba ni saa nne usiku na hesabu ya mwenye pikipiki bado haijatimia. Basi sasa dereva ana haraka yake. Binti analia nyuma, dereva anawaza abiria mwingine, na wakifika getini anabaki amesimama akidai nauli wakati binti anataka kukimbilia wodini. Sentensi tatu. Machozi ya binti hayajapungua. Yamepata mahali pa kuangukia, kwenye dunia ambayo haikusimama kwa sababu baba yake anaumwa.

Nadhani ndiyo maana jambo hili linanihusu kuliko alama za mtihani. Katika miji yetu tunazoea kuishi na watu tusiowauliza kitu: anayefua, anayelinda geti, anayetuuzia chapati asubuhi. Riwaya inaweza kutuzoesha zaidi kutowaona, au inaweza kutufanya tugeuke. Haihitaji kuhubiri. Inahitaji kukumbuka kwamba aliyeleta sinia ametoka mahali, na anarudi mahali.

Mwisho wa Peponi, Yusuf anakimbia kuifuata safu ya askari wa Wajerumani, na kitabu kinafungwa. Kila ninapofika hapo sifikirii sana alikokwenda Yusuf. Nafikiria duka. Kesho yake kuna wateja watakaokuja kutaka sukari na mafuta ya taa, na Khalil itabidi afungue.